Saa Iliyojaribiwa: Mafundi wa Maji katika Historia ya Uislamu

 

Katika vitabu vya fiqhi ya Kishafii tunavyosomeshana misikitini, mlango wa nyakati za swala una suala dogo ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Mtu yumo katika chumba chenye giza, au siku imegubikwa na mawingu, na hajui kama wakati umeingia. Afanye nini? Imam Nawawi (Allah amrehemu) katika Minhaj anamtaka mtu huyo ajitahidi kwa wirdi na mfano wake. Washereheshaji wakafafanua: msomaji aliyezoea kusoma juzuu kadhaa baina ya swala mbili ataujua wakati kwa kisomo chake, na mshoni ataujua kwa kiasi cha nguo alichoshona. Kisha katika hashiya za zama za mwisho ikatajwa njia nyingine, nayo ni saa, lakini kwa sharti kwamba iwe mujarraba, yaani imekwisha kujaribiwa na usahihi wake ukathibiti.

Sharti hilo ndilo lililotusukuma kuiandika makala hii. Ukirudi nyuma katika historia utawakuta watu wengine, wasiokuwa mafakihi, wakilitumia neno hilohilo la kujaribu kwa uzito uleule. Hao ni mafundi wa maji: watengenezaji wa saa za maji, pampu na vyombo vya kutawadhia. Tunaowasikia sana katika mihadhara ni Ibn Sina na al-Khwarizmi, na aghalabu husemwa majina tu ili tujifaharishe nayo. Mafundi hawa hutajwa kidogo zaidi, na kazi yao hasa ilikuwa ipi, na ugumu wake ulikuwa wapi, hatuelezwi kabisa.

SAA YA MLANGO WA JAYRUN

Mwaka 580 H (1184 M) msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, alifika Damascus, na miongoni mwa mambo aliyoyaeleza kwa urefu ni saa iliyokuwa kwenye mlango wa Jayrun wa Msikiti wa Bani Umayya. Mchana, kila saa ilipotimia, vipanga wawili wa shaba walidondosha vidonge vya shaba kutoka midomoni mwao viangukie vikombeni, na mlango mmoja mdogo ukajifunga. Usiku kulikuwa na miduara kumi na miwili yenye vioo, na nyuma yake taa iliyozungushwa kwa nguvu ya maji, hata mduara wa saa iliyopita ukang'aa wote. Ndani ya chumba alikuwamo mtu maalumu, mjuzi wa kazi hiyo, wa kuvirudisha vidonge mahali pake na kuifungua milango upya.

Saa hiyo ilijengwa na Muhammad al-Saati, mtu wa asili ya Khurasan, katika utawala wa Nur al-Din Zangi aliyefariki mwaka 569 H (1174 M). Alipokufa fundi, saa ikaanza kuharibika. Walijaribu watu kuitengeneza wasifaulu, mpaka ikamrudia mwanawe, Ridwan, ambaye kazi yake hasa ilikuwa utabibu. Ridwan aliijenga upya, na mwaka 600 H (1203 M) akaandika kitabu kizima juu ya saa hiyo moja: vipande vyake, vipimo vyake, na makosa ya waliomtangulia kuigusa. Kitabu hicho kipo hadi leo, na kilihakikiwa na kuchapishwa Damascus mwaka 1981. Tunalirejelea hili hapo mbele, kwa sababu ndani yake mna jambo zito kuliko hao vipanga wa shaba.

TATIZO LENYEWE

Chukua ndoo, itoboe tundu dogo chini, uijaze maji. Mwanzoni maji yatatoka kwa nguvu. Ndoo inapopungua, mtiririko unadhoofika. Basi mtu akipima kwamba nusu ya kwanza ya ndoo imetoka kwa saa moja, akadhani nusu ya pili nayo itachukua saa moja, amekosea sana. Kanuni yake iliandikwa na Torricelli wa Italia katika karne ya 17: kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina cha maji juu ya tundu. Kwa lugha nyepesi, kina kikipungua hadi robo, kasi hupungua hadi nusu. Maji yenye kina cha mita 5 juu ya tundu hutoka kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Yakibaki mita moja na robo, kasi ni mita 5.

Wamisri wa kale waliliona tatizo hili zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, wakatengeneza vyombo vilivyotanuka juu na kubanana chini ili uso wa maji ushuke kwa usawa. Ni dawa ya nusu. Dawa yenye nguvu zaidi ni kuhakikisha kina hakibadiliki kamwe, na hiyo ndiyo iliyotumiwa na mafundi wetu. Maji ya tangi kubwa hayakuachwa yatoke moja kwa moja. Yaliingia kwanza katika chombo kidogo chenye boya. Chombo kikijaa kiasi, boya hupanda na kusukuma kizibo chenye umbo la pia kikaziba mdomo wa bomba. Maji yakipungua kidogo, boya hushuka na mdomo hufunguka. Hivyo uso wa maji ndani ya chombo kidogo hukaa palepale usiku kucha, na tundu la chini hutoa maji kwa mwendo mmoja, tangi kubwa liwe limejaa au limebaki robo.

Msomaji anayetaka kukiona chombo hiki asiende mbali. Afunue tangi la maji la msikiti wake. Lile tufe la plastiki linaloelea na kufunga maji tangi linapojaa ni ndugu wa damu wa boya la Damascus. Fikra yenyewe ilitokana na watu wa kale kabla ya Uislamu, na mafundi wetu hawakuificha asili hiyo. Waliitaja risala iliyonasibishwa kwa Archimedes wakasema wameanzia hapo. Tunalisema hili kwa sababu siku hizi kuna tabia ya kudai kwamba kila kitu kilivumbuliwa na Waislamu. Waliostahiki sifa hawahitaji kuongezewa ya watu wengine.

AL-JAZARI NA NUSU DUARA

Mkubwa wa kundi hili ni Badi al-Zaman Abul-Izz Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Aliwatumikia watawala wa Kiartuqi katika mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakır nchini Uturuki, kuanzia mwaka 570 H (1174 M). Kwa amri ya mfalme Nasir al-Din Mahmud aliandika kitabu kilichokamilika mwaka 602 H (1206 M), ambacho jina lake latosha kuonesha madhumuni: mkusanyiko wa elimu na kazi yenye manufaa katika ufundi wa vyombo. Ndani yake mna vyombo 50 katika mafungu sita: saa, vyombo vya kunywea, vyombo vya kutawadhia na kupimia damu ya kuumika, chemchemi za kubadilika, mitambo ya kupandisha maji, na mengineyo. Donald Hill alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1974, na Ahmad Yusuf al-Hassan akakihakiki kwa Kiarabu kikatoka Aleppo mwaka 1979.

Katika utangulizi wake al-Jazari anaeleza kwamba alivisoma vitabu vya waliotangulia, akaona kuwa elimu ya ufundi isiyotekelezwa kwa mkono hubaki baina ya kusihi na kutosihi. Wanafunzi wa hadithi wataitambua hali hiyo. Khabari imefika, lakini bado haijachunguzwa. Mtu hawezi kuijengea hukumu.

Tuangalie mfano mmoja wa uchunguzi wake. Saa za zama hizo hazikuwa sawa kwa urefu. Mchana uligawanywa sehemu kumi na mbili kutoka kuchomoza jua hadi kuzama, na usiku vivyo hivyo. Sisi tulio karibu na ikweta hatuuoni ugumu wake. Mswahili akisema saa tatu asubuhi, anahesabu tangu jua lilipotoka, na kwetu tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa nzima. Lakini Amid iko kaskazini, kwenye nyuzi 38 hivi za latitudo. Huko mchana wa Juni hukaribia saa 15 za leo, na wa Desemba ni saa 9 na nusu. Kwa hiyo saa moja ya mchana katika kiangazi ilikuwa dakika 74 hivi, na katika baridi kali dakika 47. Saa ya maji ilibidi iende polepole Juni na kwa haraka Desemba, na ibadilike kidogo kila siku baina ya hapo.

Waliotangulia walilitatua kwa kulizungusha tundu la kutolea maji pembeni mwa nusu duara iliyogawanywa kwa buruji za falaki: tundu likiwa juu, kina kidogo na maji machache, likiwa chini, kina kikubwa na maji mengi. Ni fikra nzuri, na mtu mwingine angeinakili. Al-Jazari aliitengeneza, akaipima kwa saa na kwa siku, akaikuta haisemi kweli. Mgawanyo wa pembe zilizo sawa hautoi mtiririko unaolingana na majira. Akajaribu njia nyingine, ikakataa. Mwisho akatumia duara kamili, akazipanga alama zake kwa kupima maji yatokayo hasa katika kila sehemu. Hakuwa na kanuni ya kipeuo cha pili, kwa kuwa ilikuwa bado kuandikwa kwa zaidi ya karne nne. Alikuwa na chombo cha kupimia na subira.

Tundu lenyewe nalo lilikuwa shughuli. Tundu kwenye shaba hulika kwa maji na mchanga, likapanuka kidogo kidogo, na saa ikaanza kukimbia bila mtu kujua. Hivyo al-Jazari alilitoboa katika kijiwe kigumu cha jamii ya akiki. Na hapa panaingia suala la joto. Maji ya baridi ni mazito kuliko ya uvuguvugu: kwenye nyuzi 10 za sentigredi uzito wake wa kutiririka ni mara moja na nusu na zaidi ukilinganisha na nyuzi 30. Katika bomba pana hilo halina athari kubwa, lakini katika tundu jembamba kama la sindano, usiku wa baridi peke yake waweza kuichelewesha saa. Kwa hiyo saa iliyojaribiwa kiangazi tu bado haijajaribiwa kwa baridi.

VIPANDE VINAVYOBANA

Wengi wakisoma habari za al-Jazari hutazama sanamu zake: tausi, tembo, watumwa wa shaba wanaopiga ngoma. Kuhusu sanamu za viumbe wenye roho, hukumu ya jumhuri ya wanavyuoni inajulikana, na hatuna haja ya kumtafutia fundi wa mfalme udhuru. Faida iko ndani ya sanamu, mahali pasipoonekana.

Kizibo cha koki kilikuwa adui mkubwa. Shaba mbili zikikutana, hata zikitengenezwa kwa uangalifu, maji hupenya. Al-Jazari alikisaga kizibo ndani ya kiti chake kwa unga mkali wa msasa, kikizungushwa na kuzungushwa, hadi kimoja kikaliwa na kingine na pasibaki mwanya. Njia hiyo ilikuwa ikitumika karne ya 20 katika gereji zetu wakati wa kusaga vali za injini, na mafundi wengine wa mtaani huitumia hata sasa. Magurudumu makubwa aliyasawazisha uzito kabla ya kuyafunga, yasije yakawa na upande mzito. Mbao aliziunga kwa matabaka ili zisipinde kwa unyevu. Vipande vigumu alivichora kwanza kwa karatasi kama vigezo, kisha akavimimina katika kalibu za mchanga.

Katika pampu yake maarufu, gurudumu lililosukumwa na maji ya mto liliendesha gia, na gia ikaupeleka mkono huku na huko. Mkono huo ulivuta pistoni moja wakati ukiisukuma nyingine iliyoelekeana nayo. Silinda moja ikinywa, ya pili inatema, na maji yakapanda bila kukatika. Kila pistoni ilikuwa sahani mbili za shaba, na baina yake kamba ya katani ili ibane silinda bila kukwaruza. Silinda za pampu za Warumi zilizamishwa majini. Hii ya al-Jazari ilikaa juu ya maji na kuyavuta kwa bomba.

Kuvuta huko kuna mpaka, na mpaka huo si wa nguvu za mashine. Pampu haiyavuti maji kwa hakika. Inaondoa hewa bombani, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Hewa hiyo haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 na kidogo, na katika kazi halisi pampu za kawaida huishia mita 7 au 8. Al-Jazari alikaa salama kwa sababu bomba lake la kuvutia lilikuwa fupi na mto ulikuwa chini yake tu. Ole wake anayefunga pampu juu ya kisima ambacho maji yake yako mita 15 chini. Hata akinunua yenye nguvu mara kumi, haitatoa tone. Inayofaa hapo ni pampu ya kuzamisha, inayosukuma maji kutoka chini.

MUDDI, KATA NA KOKI

Miongoni mwa vyombo vya kutawadhia, kimoja kina kisa kinachomhusu mfalme wake. Mfalme hakupenda mtumishi au kijakazi ammiminie maji mikononi wakati wa udhu, akamtaka al-Jazari amtengenezee chombo kitakachommiminia. Fundi akatengeneza chombo kinachotoa maji kwa kiasi kilichopimwa, kisha kinakoma chenyewe.

Kiasi ndicho kiini cha jambo. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa muddi mmoja na kuoga kwa swaa hadi midi tano. Muddi, kwa hesabu ya jumhuri, ni takriban theluthi mbili za lita. Sasa tupige hesabu. Koki inayotoa lita 6 kwa dakika, ikiachwa wazi dakika 2, imemwaga lita 12, nazo ni midi 18 kwa udhu mmoja. Wakitawadha watu 100 kabla ya Ijumaa, ni lita 1,200, na sehemu kubwa imekwenda chini bila kugusa kiungo.

Makosa si ya watu peke yao. Wazee wetu wa pwani walitawadha kwenye mabirika. Birika la msikiti wa Lamu au Pate lilikuwa kubwa kupita qullatain, yaani takriban lita 200, ili lisiharibike hukumu yake kwa mikono inayoingia. Ndani walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na maji yalichotwa kwa kata. Kata ya kifuu ina ujazo unaojulikana. Anayechota mara mbili anajua amechota mara mbili. Ilipokuja koki, kipimo kiliondoka, na hakuna aliyekirudisha. Koki za kubonyeza, zinazojifunga baada ya sekunde chache, zimekuwapo madukani muda mrefu, na zinafanya kazi ileile ya chombo cha al-Jazari. Penye tangi lililo juu sana, hata kuibana koki kuu ya bomba kiasi kunatosha kupunguza kasi. Kuhubiri kuhusu israfu ya maji na huku koki zinamimina kwa nguvu ya tangi la ghorofa ya tatu, kwa maoni yetu, ni kumtwika mswalihina mzigo wa fundi.

MAJI YALIYOPIGWA NA JUA

Kwa kuwa tumeyataja matangi, kuna suala la joto ambalo wanafunzi wa Kishafii hulijua kwa jina la maa mushammas. Katika madhehebu, ni makruhu kutumia mwilini maji yaliyopashwa moto na jua, kwa masharti: iwe katika nchi ya joto, chombo kiwe cha madini yanayofulika kwa nyundo isipokuwa dhahabu na fedha, na maji yatumiwe yakiwa bado ya moto. Yakipoa, karaha imeondoka. Sababu waliyoitaja ni kwamba ukali wa jua hutoa utando katika chombo ukachanganyika na maji, ikahofiwa maradhi ya ngozi. Nawawi katika Minhaj alifuata kauli hiyo, lakini katika Majmu' alichagua kwamba hakuna karaha, akaeleza kuwa hadithi ya bibi Aisha (r.a.) inayotolewa ushahidi ni dhaifu.

Hatukusudii kutarjihi hapa. Tunataka kuonesha tu kwamba mafakihi hawa walifikiri kama wahandisi: walitofautisha chombo na chombo, nchi na nchi, moto na uvuguvugu. Hofu yao kuhusu maradhi yale haikuthibiti, lakini uhusiano wa joto na chombo ni wa kweli. Maji ya moto huyeyusha risasi kutoka katika mabomba ya zamani kwa wepesi kuliko ya baridi. Tangi jeusi la plastiki juu ya paa la msikiti halimo katika sura ya suala hili, kwani plastiki si madini. Hata hivyo lina lake. Maji yanayokaa kati ya nyuzi 25 na 45 hivi ni mazalio mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaodhuru mapafu mtu akivuta mvuke wa maji yake. Kivuli cha makuti juu ya tangi, na kulisafisha kwa wakati, ni gharama ndogo.

FUNDI AKIFA, FUNDI AKIKOSEA

Tulisema tutaurudia mlango wa Jayrun. Saa ya Muhammad al-Saati iliharibika baada ya kufa kwake; kilichopotea ni ujuzi wake, ambao ulikuwa kichwani mwake tu. Kitabu cha Ridwan kilikuja kuziba pengo hilo: mtu atakayeishika saa baada yake asianze kwa kubahatisha. Baadaye msikiti huohuo ukawa na muwaqqit wake mkuu, Ibn al-Shatir, aliyeweka saa ya jua kwenye mnara mwaka 773 H (1371 M). Na katika karne ya 16 Taqi al-Din bin Maruf, mzaliwa wa Damascus, aliyewahi kushika ukadhi na uwaqqit, akaandika kitabu cha vyombo kinachoeleza pampu ya silinda sita na mshikaki unaozungushwa na mvuke wa maji ya moto. Kadhi huyo hakuona kwamba kuandika juu ya pistoni kunampunguzia heshima ya kutoa hukumu. Imam Ghazali katika Ihya alikwisha kuhesabu misingi ya ufundi, kama ukulima, ufumaji na ushoni, kuwa ni faradhi ya kutosheleza. Mji ukikosa mwenye kuijua, wote wamo katika dhambi.

Wanavyuoni pia walijishughulisha na fundi anayekosea. Vitabu vya hisba, kama cha al-Shayzari aliyeishi zama za al-Jazari na cha Ibn al-Ukhuwwa aliyefariki mwaka 729 H (1329 M), vina milango ya wahunzi, wafua shaba na wenye mahamamu, na namna ya kuwakagua. Katika fiqhi, suala ni dhamana ya fundi anayefanyia kazi watu wengi. Imenukuliwa kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba alikuwa akiwatoza mafundi dhamana kwa kuwa maslahi ya watu hayatengemai bila hivyo, na Wamaliki wakaifanyia kazi fikra hiyo. Abu Hanifa alimtoza kwa kilichoharibika kutokana na kazi yake. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba hatozwi ila akivuka mipaka au akizembea, na uzembe hujulikana kwa kuwauliza wajuzi wa fani hiyo.

Turudi kwenye kile kisima cha mita 15. Kamati ya msikiti imetoa fedha za wakfu, fundi amefunga pampu ya kuvuta, na maji hayatoki. Ikiwa wajuzi watasema hakuna fundi wa pampu asiyejua mpaka wa mita 8, huo ni uzembe, na dhamana imemshika hata kwa madhehebu yetu. Nadhiri wa wakfu naye ni mwenye kuaminiwa, lakini uaminifu wake haumkingi akilipa kazi yote kabla ya kuijaribu. Kwa hiyo mkataba uandikwe, kina cha kisima kitajwe, na fungu la mwisho la malipo libaki mpaka pampu ijaribiwe mwisho wa kaskazi, kabla ya masika kuanza, maji ya kisima yanapokuwa yameshuka kabisa.